Inkubeta ya chuo ama hub ya mjini? Kwa mwanafunzi wa Nairobi aliye na biashara mkononi

Hii swali watu wananiulizanga kila semista mpya ikifunguliwa, na karibu wote wanaiuliza hivi: "ni gani poa, ya chuo ama ya mjini?" Inkubeta ni mahali pa kulea biashara changa, na hub ni nafasi ya kufanyia kazi na wajasiriamali wengine. Hakuna iliyo poa hivyo tu. Inategemea unauza nini na umekwama wapi saa hii. Msee anayeunda mashine ya kukausha maembe na msee wa apu ya kutafuta bedsitter Kahawa Wendani hawafai kwenda mahali pamoja, hata kama wote wako mwaka wa tatu na wote wamevaa ile tisheti ya bure ya maonyesho.

Mimi nimekaa pande zote mbili, kwanza na dawati ndani ya inkubeta ya chuo, baadaye nikihangaika na hub za Ngong Road, na siku hizi vijana wananipigia simu wakitaka niwaambie wasaini ama wasisaini. Kwa hivyo wacha niziweke kando kwa kando, uchague mwenyewe.

Nani ni nani

Upande wa chuo, UoN, yaani Chuo Kikuu cha Nairobi, wako na C4DLab pale Chiromo, ilianza 2013 ndani ya idara yao ya kompyuta, na ndio hao walituletea Nairobi Innovation Week kuanzia 2015. Strathmore pale Madaraka wako na @iLabAfrica tangu 2011, na ndani yake kuna iBizAfrica ambayo ndiyo inkubeta yenyewe. KU, yaani Kenyatta, hapo Thika Road wako na kituo kilichopewa jina la Manu Chandaria, yule mzee wa viwanda. JKUAT huko Juja wameegemea sana mashine na viwanda, hao hata waliwahi kuunganisha laptopu zao wakaziita Taifa. Vyuo vingine kibao viko na chumba kimepakwa rangi ya machungwa na kijani, kina viti vya kulalia na maneno makubwa ukutani kuhusu ubunifu. Hicho ni chumba bado, hakijakuwa inkubeta. Nitakuonyesha venye utajua tofauti.

Upande wa mjini, hadithi yote inaanzia iHub, 2010, pale jengo la Bishop Magua kwa Ngong Road, ikaanzishwa na Erik Hersman na wenzake wa Ushahidi, ile kampuni ya teknolojia. Mwaka uliofuata Nailab ikaja jengo hilo hilo. 2019 iHub ikanunuliwa na CcHub ya Lagos, watu wakalia kidogo kwa Twitter halafu maisha yakaendelea. Ukitaka mambo ya vyuma na saketi kuna Gearbox. Halafu kuna akseleta za kimataifa, yaani programu za kukimbiza biashara changa, hao hawakukodishii dawati, hao wanaingia na pesa na wanachukua kipande cha kampuni.

Na usidhani hizi pande mbili ni maadui. Kamau Gachigi aliyeanzisha Gearbox alitoka UoN, alikuwa anasimamia FabLab yao, ile karakana ya mashine za kidijitali. Tonny Omwansa alikuwa C4DLab kabla ya kwenda kuongoza KeNIA, lile shirika la serikali la mambo ya ubunifu. Watu ni wale wale, wanahama tu viti. Kwa hivyo ukikosana na mtu kwa chuo jua utampata tena Ngong Road.

Kuingia

Chuo ni rahisi. Unajaza fom, unaonyesha kitambulisho cha mwanafunzi, unapichi mbele ya watu watatu ambao mmoja wao alikufundisha yuniti ya kwanza kwanza, umeingia. Hawakuulizi umeuza ngapi. Wazo lako linaweza kuwa liko kwa karatasi tu na bado ukapewa kiti, waifai na mtu wa kukusikiza.

Mjini kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa pesa, unalipia dawati kwa mwezi, unakaa, hakuna anayekuuliza unafanya nini. Huo si msaada wa biashara, huo ni ukodishaji, na kama uko hosteli na unategemea HELB sioni sababu. Mlango wa pili ni wa programu zenye kuchuja, na hapo swali la kwanza ni wateja wangapi, mapato ngapi, mko wangapi kwa timu na nani anafanya hii kazi siku nzima. Ukijibu "nitaanza nikimaliza mitihani" mazungumzo yameisha hapo, ingawa watakuambia kwa upole.

Mashine na maabara

Hapa chuo kinashinda, na kinashinda mbali. Na ndio kitu wanafunzi wanatumia kidogo kuliko vyote, ju kila mtu anakimbilia dawati na waifai wakati ghorofa ya chini kuna mashine ya mamilioni imefunikwa na gazeti.

Angalia Roy Ombatti. Alikuwa anasoma uhandisi wa mitambo UoN, akagundua FabLab iko na printa ya 3D, akaanza kucheza nayo, na kutoka hapo ikaja AB3D, kampuni ambayo inaunda printa za 3D kwa kutumia vipuri kutoka kwa taka za elektroniki. Sasa jiulize, huyo kijana bila ile mashine angeanza aje? Printa ya kununua wakati huo ilikuwa bei ya kuogopesha. Hakuna hub yenye kahawa nzuri ingemsaidia.

Ni hivyo hivyo kwa chakula. Kama unataka kuuza yoghurt, juisi, unga wa viazi vitamu, unahitaji kujua bidhaa yako inakaa siku ngapi kwa shelfu kabla iharibike, iko na asidi ngapi, ina bakteria gani. Idara za sayansi ya chakula ziko na vifaa na ziko na tekinishani ambaye amefanya hiyo kazi miaka na miaka. Huyo tekinishani, nakuambia, ana maana kwako kuliko menta yeyote mwenye LinkedIn ndefu. Msalimie, mpelekee chai, muulize. Ukifika KEBS kutafuta ule muhuri wa ubora utakuwa unajua wanakuuliza nini.

Na afya, hapo usijaribu hata kufikiria mjini kwanza. Kama kifaa chako kinagusa mgonjwa ama unakusanya data ya wagonjwa, utahitaji kibali cha kamati ya maadili, kama ile ya KNH na UoN, na leseni ya utafiti kutoka NACOSTI. Mwanafunzi aliye na supavaiza anajua hizo fom zinaanzia wapi. Mtu anayetoka hub ya mjini na laptopu yake atazungushwa mpaka achoke.

Mjini upande huu kuna Gearbox, wako vizuri, ila unalipia. Na kuna ile "hub" ambayo haijiiti hub, mafundi wa Kamukunji na Kariobangi Light Industries, na vipuri vya Luthuli. Ukishajua unachotaka, fundi wa Kamukunji atakukatia bati na kukuchomelea haraka kuliko foleni ya karakana ya chuo, lakini huyo anaunda kile umechora, hatakuambia mchoro wako uko na makosa ya joto na hewa. Kwa hivyo chora na ujaribu kwa chuo, halafu uunde mjini.

Muda

Chuo kinaenda kwa kalenda yake. Semista, CAT, mitihani, likizo ndefu ambayo hata mlango wa inkubeta unafungwa ju askari hajaambiwa kuna watu. Na vyuo vya umma kuna migomo. Ule wa wahadhiri wa 2025 ulianza Septemba ukaisha Novemba, na kama ulikuwa na prototaipu, yaani kifaa cha kwanza cha majaribio, imefungiwa kwa maabara wakati huo basi unajua uchungu ninaosema. Kwa vyuo vya kibinafsi hiyo shida hawana sana, lakini nao wana karo ya kukufanya ufikirie mara mbili kuhusu kuchukua semista ya mapumziko.

Mjini wanaenda mbio. Akseleta ni wiki chache ama miezi michache ya kukimbizwa, kila wiki unaulizwa namba zimepanda ama zimeshuka, na wanataka uwe hapo mwili na roho. Hiyo mbio ni nzuri kwa biashara, lakini ikiangukia wiki za mitihani kuna kitu kitavunjika na mara nyingi kinachovunjika ni digrii. Kisha kuna barabara. Kutoka Juja mpaka Ngong Road, ni safari ya kupanda gari mbili, na jioni ya Ijumaa sitaki hata kuiongelea. Wanafunzi wa JKUAT na KU hesabuni hiyo nauli na hayo masaa kabla hamjasema ya mjini ni ya bure. Wa Chiromo na Madaraka nyinyi mko karibu, msijifanye hamjui.

Pesa, na wanachotaka kwako

Inkubeta nyingi za chuo hazina pesa ya kukupatia. Ziko na kiti, menta, jina, na mara moja moja kuna mfadhili amekuja na programu yenye pesa kidogo. Mfano mzuri ni ile ya wanawake kwa teknolojia ya Standard Chartered ambayo Strathmore kupitia iBizAfrica wamekuwa wakiiendesha tangu 2017, na hiyo si ya wanafunzi wa Strathmore pekee. Hapo ujue kitu, pesa inakuja na mfadhili na inaondoka na mfadhili. Mradi ukiisha, yule meneja mchangamfu aliyekuwa anajibu WhatsApp saa nne usiku anapata kazi kwengine na chumba kinabaki na viti.

Upande mzuri ni kwamba kwa kawaida chuo hakikunyang'anyi hisa mapema. Mjini akseleta ya pesa itachukua. Na sina neno na hiyo, mtu ameweka pesa yake anataka kipande, ni haki. Shida ni ukubwa wa kipande na wakati. Ukitoa asilimia kumi ukiwa bado hujauza kitu, na mwaka ujao mwingine achukue yake, na ule rafiki yako wa hosteli mliyeanza naye ako na nusu halafu ameenda Qatar, unabaki ukiendesha kampuni ya watu wengine. Nimeona hii na macho yangu, kampuni iko sawa, mapato yapo, lakini hakuna mwekezaji anataka kuingia ju karatasi ya hisa imechafuka.

Kwa hivyo kama hujauza, kaa pale hawachukui hisa. Kama umeanza kuuza na unajua kabisa pesa ikija itaenda kununua nini, nenda mjini na uongee bei.

Wazo ni la nani

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanaumia bila kujua.

Watu wanaogopa mwekezaji wa mjini atawaibia wazo. Mimi naona karatasi ya kusoma kwa makini zaidi ni ile ya chuo, na sisemi hivyo kwa ubaya, ni vile tu sheria na sera zimekaa. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2001 inasema mtu aliyeajiriwa akivumbua kitu katika kazi ile ile aliyoajiriwa kufanya, haki ya patenti, yaani ya kumiliki uvumbuzi, inaenda kwa mwajiri. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hivyo kwake mambo yanategemea sera ya chuo na kile alichosaini. Lakini je, ulikuwa unalipwa kama msaidizi wa utafiti? Supavaiza wako, ambaye yeye ameajiriwa, alichangia kiasi gani? Ulitumia maabara na kemikali za mradi uliofadhiliwa? Hayo majibu ndiyo yanaamua, na wewe unafikiria ni projekti yako tu ya mwaka wa nne.

Na si Kenya tu. Google unaijua. Ile njia yao ya kupanga kurasa, PageRank, patenti yake ilikuwa ya chuo cha Stanford, ju Larry Page aliifanyia kazi akiwa mwanafunzi hapo. Stanford wakaipa Google leseni na wakalipwa kwa hisa milioni 1.8, ambazo mpaka 2005 walikuwa wameuza wakapata dola milioni 336. Chuo kilipata, vijana walipata, hakuna aliyelia. Kwa hivyo chuo kumiliki patenti si mwisho wa dunia, bora masharti yaeleweke mapema na leseni iwe ya bei ambayo kampuni changa inaweza kubeba. Kinachoua ni ile hali ya katikati ambapo hakuna aliyeandika kitu, halafu mwekezaji anakuja anauliza "nani ako na haki za hii?" na nyinyi mnaangaliana.

Kitu kingine, na hiki kinawahusu wapenda jukwaa. Patenti inataka kitu kiwe kipya. Ukisimama kwa maonyesho ya chuo ukaeleza kifaa chako chote na michoro kwa skrini, umeshakitoa hadharani. Sheria ya Kenya inakupa miezi 12 baada ya wewe mwenyewe kukitoa bado uweze kuomba patenti KIPI, ile ofisi ya serikali ya patenti. Ulaya kwa kawaida hawakupi hata siku moja. Kwa hivyo onyesha kinafanya nini, usionyeshe kinafanya vipi, mpaka ombi liingie. Mkienda KIPI muulizie pia ile patenti ndogo ya marekebisho, inaitwa modeli ya matumizi, inadumu miaka 10 badala ya 20 na kwa vifaa vingi vya wanafunzi ndiyo inayofaa.

Wale wa apu, nyinyi punguzeni presha. Njia ya kufanya biashara haipewi patenti hapa kwetu hata ukiililia. Code yako, yaani ile programu umeandika, inalindwa na hakimiliki tangu uiandike, na unaweza kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki, upate cheti. Basi. Usikubali mtu akwambie lazima uingie inkubeta fulani ndio "ulindwe".

Wateja

Chuo ni soko. Maelfu ya watu wa umri mmoja, shida zinafanana, wamejaa ekari chache, na wote wako kwa grupu za WhatsApp ambazo habari inasambaa kabla ya lanchi. Ukiuza smocha, mtumba wa Gikomba uliochaguliwa vizuri, kusuka nywele, kuprinti, kutengeneza simu, kuleta maji hosteli, hakuna mahali Nairobi utapata majibu ya haraka hivyo. Till yako ya M-Pesa itakuambia ukweli kabla ya menta yeyote.

Ila soko la chuo linadanganya kwa njia mbili. Kwanza linafungwa. Likizo ikifika mitaa ya wanafunzi kama Wendani na Gachororo inabaki kimya, na kodi ya duka haiendi likizo. Pili, bei. Mwanafunzi anataka kitu cha hamsini, na ukizoea kuuza cha hamsini unaogopa kumwambia mwenye kampuni Industrial Area kwamba hiyo huduma ni elfu hamsini. Hapo hub za mjini zina faida, kwa sababu mle ndani utakaa karibu na mtu anayeuzia benki, anayeuzia saccos, anayeuzia NGO, utasikia akiongea kwa simu anavyotaja bei bila kutetemeka. Hiyo kusikia tu ni darasa. Kwa biashara ya kuuzia makampuni, mjini, sina maswali.

Na ukifikiria kuuzia chuo chenyewe, yaani upewe tenda, fanya hesabu ya invoisi itakayolipwa ukiwa umeshagradueti.

Watu wa kukushauri

Lekchara wa ujasiriamali ambaye hajawahi kuuza hata mandazi atakufundisha kuandika mpango wa biashara wa kurasa arubaini. Hautausoma tena. Lekchara wa kemia, wa kilimo, wa uhandisi, huyo anajua kitu ambacho Ngong Road nzima hawajui. Kwa hivyo ukiwa chuo omba ushauri wa bidhaa, usiombe ushauri wa mauzo.

Mjini ni kinyume chake. Watakufungua macho kuhusu bei, mauzo, kuajiri, kuongea na wawekezaji, lakini pia kuna menta wa kitaaluma, yaani kazi yake ni kuwa menta, ukimchunguza biashara yake mwenyewe ilikuwa ya kuandaa semina. Muulize swali moja: mshahara wa mwisho kulipa mtu kutoka mfukoni mwako ulikuwa lini? Akicheka kicheko cha pembeni, nywa kahawa uondoke.

Kutofautisha inkubeta na chumba

Nilisema nitarudi hapa. Ukienda kuangalia, uliza hivi: nani alitoka hapa na bado anauza leo, naweza kumpigia? Nani analipia hiki kituo na mkataba wake unaisha lini? Funguo ya karakana iko kwa nani Jumamosi? Nikigradueti nakaa mpaka lini? Hiyo ya mwisho wengi wanasahau, halafu siku ya kukliya wanarudisha kitambulisho na waifai inakatika na mlango haufunguki, na biashara ilikuwa ndio imeanza kutembea. Meneja akijibu haya manne kwa majina na tarehe, hiyo ni inkubeta. Akikupeleka kukuonyesha picha ya waziri akikata utepe, ni chumba.

Na mashindano je?

Kuna watu wanakwepa pande zote mbili wanakimbilia mashindano, na siwezi kuwalaumu, pesa ya zawadi haichukui hisa. Hult Prize inaanzia hapo hapo kampasi na mwisho wake ni dola milioni moja. Mwaka 2016 iliendea timu ya chuo cha Earlham, Marekani, iliyokuwa na Mkenya Wyclife Omondi ndani, na wazo lilikuwa la kubuki tiketi za basi kwa simu. Leo hiyo ndiyo BuuPass, iko hapa Nairobi, na wengi wenu mmekata tiketi ya kwenda ushago kupitia kwao bila kujua historia. Tony Elumelu Foundation nao wanapeana dola 5,000 ambazo si mkopo, maombi hufunguliwa Januari, na huhitaji kuwa kwa inkubeta yoyote.

Lakini angalia BuuPass tena. Walishinda, kisha ikabidi wafanye kazi ngumu ya kuongea na kampuni za mabasi moja moja. Kuna vijana hapa mjini wameshinda hundi za kadibodi za kila rangi na hawana mteja hata mmoja. Mashindano ni sawa kama tayari unauza na unahitaji pesa ya kitu maalum. Kama hujauza, kila wiki ya kupanga slaidi ni wiki hujaongea na mteja.

Mikopo nitapita haraka. Hustler Fund kwa mtu binafsi ni kati ya shilingi 500 na 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, unarudisha ndani ya siku 14. Hiyo inafaa kununua stoki ya Jumatatu na kuiuza kabla ya wiki ya pili kuisha. Kuundia prototaipu, hapana. Youth Fund, ile ya tangu 2006, iko na nafasi zaidi lakini uje na grupu ama biashara iliyosajiliwa.

Sasa wewe

Kama unaunda kitu cha kushikika, chakula, dawa, kifaa, nishati: kaa chuo, na kaa mpaka prototaipu ifanye kazi mbele ya mtu asiyekupenda. Usiharakishe Ngong Road. Andika na supavaiza karatasi moja ya nani ana haki gani, hata kabla ya kuingia inkubeta.

Kama ni apu ama huduma ya mtandaoni ya kuuzia makampuni, inkubeta ya chuo itakupa starehe tu. Tafuta wateja watatu wanaolipa, halafu peleka hizo invoisi kwa programu ya mjini isiyo na ada. Ukikosa hao watatu, hata hub haitawaleta.

Kama unauza kwa wanafunzi wenzako, huhitaji yeyote kati yao. Sajili jina la biashara kwa eCitizen, chukua till, tenganisha pesa ya biashara na ya kula, na ujipange na likizo.

Walio mwaka wa kwanza na wazo bado ni ukungu, ingieni tu ya chuo, ni ya bure na mtapata watu wa kuanza nao, hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa umri huo. Ni wale wa semista ya mwisho ndio nawaonea huruma, ju wanaingia inkubeta Machi na Julai wameshatoka. Kwenu nyinyi, msiombe dawati. Ombeni barua ya chuo yenye muhuri ya kuwafungulia mlango wa hospitali, kaunti ama ushirika mnaotaka kuuzia, na masaa ya maabara yaliyoandikwa kwa jina lenu mpaka Desemba, na muende na hiyo barua kabla huyo mkuu wa idara hajahamishwa.